Mstari niliouchora Tassia ukapita shambani kwa bibi wa Tengeru

Najua nimekuwa kimya. Kuna aliyeniuliza kama nimeacha kompyuta nikaenda kuuza mitumba Gikomba. La hasha, bado nipo Tassia, bado naandika programu, na stima bado hukatika nikiwa katikati ya kazi.

Leo lakini sitaandika habari za kodi. Nataka kuwasimulia habari za mstari mmoja wenye urefu wa kama mita 600. Niliuchora nikiwa nimeketi kwenye meza yangu, ghorofa ya nne, kikombe cha chai pembeni. Mstari huo ukaenda kumsumbua mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoishi, kwa miaka miwili. Mimi nilikuwa nimeshausahau.

Tuanze nyumbani. Kama huijui Tassia, ni mtaa wa Embakasi ulio kando ya Outering Road, jirani na Fedha na Pipeline. Magorofa yamebanana hata jua huko chini hufika saa sita mchana tu. Kwetu njia si kitu cha kudumu. Kichochoro ulichopita asubuhi ukienda stejini, jioni unakikuta kimezibwa kwa mabati na watu wanachimba msingi. Majina nayo yana tabia zao. Makanga wangali wanaita "Taj Mall! Taj Mall!" na abiria wanashuka bila kusita, ilhali jumba lenyewe lilibomolewa Septemba 2018. Ramani ikisema hapo hakuna Taj Mall, inasema kweli. Lakini mwambie mgeni wako kwamba hakuna mahali kama hapo, uone kama atafika.

Mambo kama hayo ndiyo yaliyonivuta kwenye OpenStreetMap. Kwa wasioijua: ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida, kama vile Wikipedia inavyoandikwa na watu wa kawaida. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mwingereza anayeitwa Steve Coast. Hapa kwetu ilipata sifa mwaka 2009, vijana wa Kibera walipoingia vichochoroni na vifaa vya GPS wakauchora mtaa wao wenyewe katika mradi wa Map Kibera, kwa sababu kwenye ramani nyingi mtaa huo wenye watu tele ulionekana kama mahali patupu.

Kuna namna mbili za kuchora. Ya kwanza ni kutembea. Unabeba simu au kifaa cha GPS, kinaandika ulipo kila baada ya sekunde chache, na mwisho unapata faili la GPX. Ukilifungua faili hilo utaona ni maandishi tu: latitudo, longitudo, mwinuko na saa. (Tushukuru tumezaliwa wakati huu. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakivuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Kwa kipimo hicho ungejikuta chumbani kwa jirani.) Namna ya pili ni kukaa. Unafungua picha iliyopigwa na setilaiti, unaona kitu kirefu chembamba cheupe kati ya miti, unasema hii ni njia, unabofya, unabofya, unabofya, kisha unapakia. Tangu mwishoni mwa 2010, Microsoft iliporuhusu picha zake za Bing zitumike kwa kazi hii, wengi wetu tumekuwa wachoraji wa kukaa.

Mimi ni mmoja wao. Na sasa tufike kwenye mstari wenyewe.

Nafanya kazi kwa mbali na kijana mmoja anayeishi Uingereza. Jina lake la ukoo ni la Kipolandi. Siku moja, tukisubiri programu yetu imalize majaribio, akaniuliza kama Nairobi ni mbali na mahali panapoitwa Tengeru. Nikamwambia ni upande wa pili wa mpaka, karibu na Arusha, kwa nini? Akasema: "Bibi yangu alikulia huko."

Nilidhani anatania. Nikasoma, na nilichosoma kilinifanya nione aibu kwamba nimefika Arusha mara tatu na sikuwahi kukisikia.

Septemba 1939 Poland ilivamiwa mara mbili. Tarehe 1 Ujerumani iliingia kutoka magharibi, na tarehe 17 Urusi ya Kisovieti ikaingia kutoka mashariki. Katika mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwang'oa mamia ya maelfu ya watu wa mashariki ya Poland majumbani mwao, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Kisha Juni 1941 Ujerumani ikaishambulia Urusi yenyewe, na Stalin, aliyehitaji sasa kila askari, akakubali Wapolandi waachiliwe waunde jeshi. Mwaka 1942 jeshi hilo la Jenerali Władysław Anders likavuka Bahari ya Kaspi hadi Iran, na makumi ya maelfu ya raia wakalifuata, wengi wao wanawake na watoto. Wanaume walienda vitani. Hao wengine wapelekwe wapi? Waingereza wakawagawa katika makoloni yao.

Ndivyo Wapolandi karibu elfu 18 walivyofika Afrika. Kenya walikuwepo Makindu na Rongai. Uganda walikuwepo Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya karibu na Masindi, ambako kanisa walilojenga lingali limesimama. Lakini kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, chini ya Mlima Meru, yenye watu kama 5,000. Ulikuwa mji mdogo wa Kipolandi hasa: vijumba vya mviringo vyenye kuta nyeupe na mapaa ya nyasi, shule, kanisa, hospitali na mashamba.

Vita vikaisha lakini wengi hawakuweza kurudi. Mkutano wa Yalta, Februari 1945, uliacha sehemu waliyotoka mikononi mwa Wasovieti. Wakaenda Uingereza, Kanada, Australia. Mwaka 1949 padri mmoja, Lucjan Królikowski, aliwachukua watoto yatima karibu 150 wa Tengeru na kuwasafirisha kupitia Italia na Ujerumani hadi Kanada, huku serikali ya kikomunisti ya Poland ikilalamika kwamba wametekwa nyara. Padri huyo alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 100. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Bibi wa rafiki yangu alifika Tengeru akiwa na miaka minane. Sasa amevuka tisini. Mengi yamemtoka, lakini alikuwa akirudia jambo moja: kwamba palikuwa na njia kutoka kambini hadi ziwani, Ziwa Duluti, na kwamba wao watoto walikatazwa kuipita peke yao na waliipita kila siku. Mjukuu akaniomba: wewe unayejua ramani, hebu mwekee njia hiyo, nimwonyeshe.

Ombi dogo. Jioni hiyo hiyo nikafungua picha za setilaiti. Ziwa nikaliona mara moja, ni volkeno ya zamani iliyojaa maji, duara la kijani lililozungukwa na msitu. Makaburi ya Wapolandi nikayaona. Na katikati, kati ya migomba, nikaona kile kitu chembamba cheupe. Kinakatika hapa, kinaonekana tena pale. Nikakifuata kwa kipanya. Pale kilipopotea chini ya majani nikakisia. Nikaandika kwamba ni njia ya miguu, nikapakia, nikamtumia rafiki yangu picha. Akaniambia bibi yake ameitazama kwa muda mrefu na kusema, "Ndiyo." Nililala nikijisikia kama mtu aliyefanya jambo jema.

Miaka miwili baadaye, Desemba iliyopita, nikapata wiki ya mapumziko. Nikaamua kwenda kuitembea njia yangu.

Kutoka Nairobi unachukua basi dogo la Arusha asubuhi, mnapita Kitengela na Kajiado hadi Namanga, ambako siku hizi mihuri ya nchi zote mbili unagongewa ndani ya jengo moja. Mchana uko Arusha. Tengeru iko kama kilomita 13 mbele, kwenye barabara ya Moshi, unapanda daladala tu. Nilifika Jumamosi, siku ya soko, na soko la Tengeru si la kuchezea. Ndizi za kila aina, parachichi, akina mama wa Kimeru na wa Kimasai wakisukumana kwa heshima.

Nilianzia makaburini. Yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kwa hiyo unajieleza getini kwanza. Kuna ukuta, kuna lango, na ndani kuna makaburi yapatayo 150, yamepangwa kwa mistari, yamefagiliwa. Majina ya Kipolandi, tarehe za miaka ya 1940. Mengine ni mafupi, na unaelewa bila kusoma kwamba ni ya watoto. Nikatia jina langu kwenye kitabu cha wageni, nikaandika "Tassia, Nairobi", na nikapiga picha kwa ajili ya bibi.

Kisha nikashuka Duluti. Ziwa liko ndani ya msitu wa hifadhi, unalipa kiingilio, na kuna njia inayolizunguka. Kwa mwendo wa kuangalia ndege ni saa moja na ushee. Kima wanaruka juu, kenge wanajitupa majini unapokaribia, na mawingu yakifunguka unauona Meru, mita 4,566, umekaa nyuma ya miti. Simu yangu ilikuwa ikirekodi. Nilipoutazama mstari wake nikacheka: msitu ule mzito unayazuia na kuyarudisha mawimbi ya GPS, kwa hiyo sehemu moja ramani ilinionyesha nikitembea juu ya maji. Nikajisemea, ndiyo maana picha ya setilaiti ni bora. (Kumbukeni maneno haya.)

Basi nikaanza kuufuata mstari wangu kutoka upande wa ziwa kurudi kuelekea makaburini. Mwanzoni ulikuwa sawa kabisa. Nikajivuna. Kisha nikafika kwenye ua wa masale, yale majani marefu yanayopandwa mipakani kule, na katikati ya ua palikuwa na upenyo uliovunjwavunjwa na watu waliopita kwa nguvu. Simu ikasema nenda mbele. Nikapenya.

Mbwa akabweka. Nikatokea kwenye migomba na mibuni, na mbele yangu banda la ng'ombe, na mbele ya banda bibi mmoja aliyevuka themanini, ameshika ufagio. Akanitazama mimi, akaitazama simu mkononi mwangu.

"Na wewe pia simu imekuambia upite hapa?"

Nilisimama. Akasubiri. Ikanichukua muda kutambua anasubiri nini, maana sisi wa Nairobi tunaisahau.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa sema."

Sikuwa na la kusema, kwa hiyo akasema yeye. Wamekuja tangu mwaka juzi, wawili wawili, watatu watatu. Wengi ni wazungu, wengine ni vijana wa mjini. Si watu wabaya, wanatabasamu, mmoja alimpiga picha ng'ombe. Lakini hawapigi hodi. Wanatazama simu, hawatazami watu. Na wanapita pale. Akanyoosha ufagio kuelekea chini ya migomba. Nikaona mawe yaliyopangwa na maua yaliyopandwa. Hakuna saruji, hakuna jina.

"Pale amelala mzee wangu," akasema.

Ile nyeupe niliyoiona kutoka angani, ambayo niliikata ikapotea na kuikisia, ilikuwa njia yake yeye bibi. Kutoka mlangoni hadi kwenye banda, kutoka kwenye banda hadi kaburini. Ameipita kila siku kwa miaka mingi mpaka nyasi zikaacha kuota.

Akaendelea. Mtalii mmoja alimwonyesha simu: tazama mama, hapa pana njia, imeandikwa. Bibi hakulala usiku ule. Asubuhi akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuuliza kama serikali imepitisha barabara shambani mwake. Mwenyekiti hakuwa na habari. Akamwuliza tena baada ya mwezi. Watoto wake wanaoishi Arusha wakamwambia asiogope, ni mambo ya simu tu. "Lakini," akasema, "mistari huanza kwenye karatasi."

Kama wewe ni msomaji wa Nairobi, pengine utamwona bibi huyu ana wasiwasi wa bure. Basi jua hili. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru kama elfu tatu kutoka ardhi yao ya Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima huo huo, ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa huko New York, mwaka 1952, akawashtaki Waingereza mbele ya Baraza la Udhamini. Dunia ikasikiliza, lakini ardhi haikurudi wakati ule. Bibi alikuwa mtoto. Mtu aliyekua akisikia hadithi hiyo jikoni kwa mama yake, umwonyeshe mstari uliokatiza shamba lake, umwambie usijali?

Na si Wameru tu. Sisi wa Tassia tunajua maana ya kuamka na kuona mtu na rula anapima pembeni ya mlango wako.

Nikaona hakuna njia nyingine.

"Bibi, ni mimi niliyechora."

Akaninyamazia.

"Wewe?"

"Ndiyo, bibi. Niko Nairobi. Nilichora nikiwa huko."

"Ulikuja lini kupima?"

"Sikuja."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliweka ufagio chini, akaniambia nikae, akaingia ndani, akatoka na chai na ndizi za kuchemsha. Wenzangu, chai ile ilinipita kooni kwa shida.

Nilipomaliza akaniambia nimwonyeshe. Nikafungua picha ya setilaiti kwenye simu. Akaitazama kwa makini kuliko mteja yeyote niliyewahi kumwonyesha kazi. Akatambua paa la banda: "Hapo bado hatujabadilisha mabati." Akatambua mparachichi ulioanguka. Kisha akatafuta kaburi. Hakuliona, kwa sababu migomba imelifunika. "Kumbe," akasema, "aliye juu haoni chini ya migomba."

Nikamwambia nitaufuta mstari usiku huo huo. Na hapa ndipo bibi alinifundisha kazi yangu.

"Ukifuta, mwingine aliye kama wewe hataona tena kitu cheupe akachora?"

Ndugu msomaji, hilo ndilo jibu sahihi kiufundi! Katika OpenStreetMap, ukifuta kitu ambacho kinaonekana wazi kwenye picha, mchoraji mwingine wa kukaa, akiwa Berlin au Buruburu, atakiona na kukichora upya kwa nia njema ile ile. Njia bora ni kukiacha na kukiwekea alama kwamba ni ya mtu binafsi, kuchora ua na lango, na kuandika maelezo kwamba aliyethibitisha alifika kwa miguu. Hapo programu za watembezi zinazotumia data hii huacha kuwapitisha watu. Nikamweleza hivyo kwa lugha rahisi.

"Basi usifute," akasema. "Andika ni ya kwangu."

Nikaandika palepale, mbele yake, kwa simu. Bila shaka mabadiliko hayafiki kwenye simu za watu siku hiyo hiyo. Wenye ramani walizopakua zamani wataendelea kuuona mstari wangu mpaka wapakue mpya. Hilo nalo nikamwambia. Akasema mwanawe ataziba ua.

Jioni mjukuu wake akanitembeza kwenye njia ya kweli, ambayo watu wote wa pale huitumia kwenda ziwani. Inafuata mfereji wa maji, inazunguka mashamba, na ni ndefu kwa kama dakika ishirini. Kwenye picha ya setilaiti haionekani kabisa, imefunikwa na miti. Niliirekodi kwa GPS ile ile niliyokuwa nikiicheka msituni. Ilicheza kidogo, lakini mara hii nilikuwepo. Na kila tulipokaribia nyumba, kijana alipaza sauti, "Hodi!" Sauti ikajibu, "Karibu!" Mara tisa, nilihesabu. Hakuna aliyetuuliza tunaenda wapi baada ya hapo.

Nilimsimulia rafiki yangu wa Uingereza. Akaniambia kwamba Poland njia za matembezi hupakwa rangi kwenye miti na miamba: mistari mitatu, miwili myeupe na katikati rangi moja, nyekundu, buluu, kijani, njano au nyeusi. Rangi haimaanishi ugumu, kama wengi wanavyodhani, inatenganisha njia hii na ile tu. Kazi hiyo ilianza katika milima ya Tatra mwaka 1887. Aliyepaka rangi ile alilazimika kufika kwenye kila mti akiwa na brashi mkononi. Kama kungekuwa na bibi nyuma ya mti, angemwona.

Kwetu hatupaki rangi. Kwetu hodi ndiyo rangi. Na hodi haipakiwi kwenye seva.

Mtauliza: na yule bibi wa Uingereza aliyesema "Ndiyo"? Nilimtuma mjukuu wake amweleze ukweli, kwamba njia niliyomwonyesha haikuwa ile. Nikamtumia njia ya mferejini, picha za makaburi, na sauti ya ndege wa Duluti niliyorekodi. Mjukuu anasema alisikiliza ndege mara mbili. Habari ya njia haikumsumbua. Aliuliza tu, pale sasa anaishi nani?

Nilikuwa na jibu. Bibi wa Tengeru alikuwa amenisimulia tukinywa chai kwamba baba yake alikuwa akipeleka ndizi kambini, na kwamba yeye, mdogo sana, anakumbuka wanawake weupe wakifua nguo na kuimba. Nilipomwambia mmoja wa watoto wale bado yu hai, alishangaa, akacheka, akanipa ujumbe: "Mwambie nami bado nipo. Na akija, apite mlangoni."

Ujumbe umefika.

Nimepitia orodha ya mistari yote niliyoichora kwa kukaa. Kila badiliko katika OpenStreetMap linabaki na jina la aliyelifanya, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Ni mistari 212. Nyingine iko Turkana, nyingine Kongo, kumi na moja iko Pemba. Sijui imepita kwa nani. Nimeanza na ile ya karibu, kila Jumapili mmoja au miwili, kwa miguu. Jumapili iliyopita nilikuwa hapa hapa Embakasi. Nilikuta njia yangu imekuwa gorofa la orofa sita. Nikabisha hodi, mlinzi akanifungulia, tukacheka wote wawili.

Nyongeza kwa wanaotaka kwenda Tengeru: nendeni Jumatano au Jumamosi mkutane na soko. Makaburini jielezeni getini kwanza. Duluti bebeni viatu vya kushika, maana mvua ikinyesha udongo unateleza. Mkiwa na siku ya ziada, Arusha mjini kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho, na Makumbusho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Pakueni ramani mpya kabla ya kuondoka. Mkiona ua wa masale uliozibwa, msiuvunje. Fuateni mfereji.

Tuonane wiki ijayo, stima ikiruhusu. Nitarudi kwenye kodi, naahidi.